Marahaba Iliyochelewa

Katika darasa langu la kwanza nilimzimia sauti mtoto aliyekuwa akiniamkia.

Nimeanza na hilo makusudi. Nikiliacha lije katikati ya habari nitalizungushia sababu nyingi mpaka lionekane dogo, na mimi najijua kwa kutafuta sababu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwangu Hyattsville, huku Marekani, kwenye meza ya chakula niliyokuwa nimeifuta hata pale pasipokuwa na vumbi. Shati nilikuwa nimelipiga pasi hadi mgongoni, ingawa kamera haioni mgongo. Mbele yangu kulikuwa na kompyuta yenye nyuso za watoto wanne, au niseme nyuso tatu na dari moja. Dirisha la nne lilionyesha pangaboi likizunguka taratibu na, chini kabisa, nywele za utosini mwa mtoto.

Lilikuwa darasa la kompyuta kwa njia ya mtandao, la watoto ambao madarasa mengine hayawawezi. Tunawafundisha kutengeneza programu ndogo kwa kupanga vipande vya rangi kwenye kioo. Kipande hiki kinamwambia mbuzi wa katuni atembee, hiki kinamwambia ageuke, hiki kinamwambia alie. Mtoto mmoja ana usonji na hupenda kusoma akiwa chini ya meza. Binti mmoja haoni vizuri, husoma akiwa ameegemeza pua kwenye kioo, na kwake sote huonekana kama tumekuja kuchungulia tundu la pua. Mwingine husahau alichoambiwa kabla sentensi haijaisha, na yeye ndiye wa kwanza kulichekea hilo. Wa nne, yule wa pangaboi, alikuwa mvulana wa miaka kumi na mmoja wa Germantown, mwenye mtindio wa ubongo. Mikono yake haimtii vizuri, na hasemi kwa kinywa. Husema kwa tableti. Anagonga picha kwa kifundo cha kidole, na tableti inatoa neno.

Hayo yote niliambiwa mapema, nami nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa kila kitu, yaani kupita kiasi. Nilitazama video za watu wanaosema kwa tableti mpaka nikaizoea ile sauti ya mashine, sauti ya mwanamume wa Kiingereza asiye na haraka wala huzuni. Nilijizoeza kuingoja. Niliiahidi nafsi yangu kwamba sauti hiyo ikisema, nitanyamaza na kusikiliza.

Haikusema. Nilipofika sentensi ya pili ya kuwakaribisha, nikasikia sauti ya bibi kizee, ya kipwani kabisa, imetulia:

"Shikamoo."

Mimi ni mtu wa Tanga. Bibi kizee haniamkii mimi. Nikadhani yuko kwenye simu na mkubwa wake, au kuna mgeni ameingia sebuleni. Nikaendelea. "Shikamoo," ikasema tena. Nikatabasamu kidogo ili watoto wasifadhaike. Ikaja nyingine, na nyingine, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Kwenye ratiba yangu makaribisho yalikuwa na dakika moja, na dakika hiyo ilikuwa imekwisha. Nikasogeza kishale hadi kwenye dirisha la pangaboi, nikabonyeza alama ya kipaza sauti. Kukawa kimya. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimelimaliza bila kumwaibisha bibi wa watu.

Zile nywele za utosini zilitikisika. Sikuzitilia maanani.

Jumamosi iliyofuata sauti ilianza tena, nami nikaizima mapema zaidi. Baada ya hapo ikawa desturi yangu: nafungua darasa, naweka maji karibu, namzimia sauti yule wa pangaboi. Zamu yake ikifika nilimfungulia na kumuuliza, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, angependa mbuzi afanye nini. Alikuwa na kitufe kikubwa chekundu kando ya mkono. Mwanga ulipita juu ya vipande kimoja kimoja, na kazi yake ilikuwa kubonyeza mwanga ukifika kwenye kile anachokitaka. Mwanga ulipita, ukapita tena. Hakubonyeza. Nilimshukuru kwa kujaribu, nikamfunga tena, nikaenda kwa mwingine.

Sikusomea ualimu. Sikusomea kompyuta pia. Kazi yangu ya mshahara ni ghalani, kupanga masanduku ya vifaa vya hospitali, na niliyoyajua kuhusu programu nilijifunza kwenye simu wakati wa mapumziko, kwa video za bure na kwa kukosea. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hajui mapengo yake yako wapi. Kila siku anangoja aingie aliyesoma kweli, aulize: huyu nani kamruhusu? Kwa hiyo nilikuwa nikiandika kila dakika ya somo, nikisoma kwa sauti bafuni, na usiku wa Ijumaa sikuwa nikilala vizuri. Watu wakinisifu kwamba niko makini nilinyamaza. Haukuwa umakini. Ilikuwa hofu iliyovaa vizuri.

Kikundi chetu ni kidogo, cha watu wa kujitolea. Anayekiongoza ni dada mmoja, Mmarekani mweusi wa Columbia Heights, aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu na kukipenda mpaka kikamkaa. Kiswahili chake kimenyooka kama shuka la hoteli. Mimi niliyezaliwa nacho ndiye ninayesema "nime-share screen, mnaiona?" na yeye ndiye anayenijibu, "Tunakiona kioo chako, ndugu mwalimu, pamoja na barua pepe zako zote."

Sheria ya darasa aliiweka yeye, na haikuwa sheria mbaya. Watoto ni wanne tu, kwa sababu wakizidi hakuna anayepata muda wa kutosha. Nje kuna wengine wanaongoja. Kwa hiyo mtoto akikaa bila kushiriki kabisa, familia inaombwa kwa upole itafute kitu kingine, na nafasi inakwenda kwa mwenzake.

"Yule wa Germantown vipi?" aliniuliza siku moja kwa simu.

"Bado."

"Bado nini?"

"Hajagusa kitu, dada. Hata mara moja."

"Wewe unaonaje?"

Hapa ndipo napaona vibaya kuliko hata pale pa kumzimia sauti. Nilimjibu kwa sauti ya mtu anayejua. "Labda hapa si pake."

Akasema atamwarifu mama wa mtoto kwamba Jumamosi ijayo ataingia darasani amwone mwenyewe, ndipo tuamue. Nilipokata simu nilihisi nafuu. Kama mtoto hafai darasa, basi si mimi nisiyefaa kufundisha.

Siku mbili baadaye nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko ghalani, nakula wali wa jana, simu ikaita kwa namba nisiyoijua.

"Assalaam alaykum. Ndiye mwalimu wa kompyuta?"

Ile sauti. Nilisimama bila kujua ninasimama, kijiko mkononi.

"Waalaykum salaam. Ndiye mimi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kazini hawajambo? Wazee wako wazima?"

"Wazima, bibi. Alhamdulillahi."

"Mtu wa wapi wewe?"

"Tanga."

"Tanga!" Akavuta pumzi. "Basi ndo umezidi kunichosha. Mie nikajua labda kazaliwa hapahapa, hakufunzwa, tumsamehe. Kumbe wa Tanga! Mwanangu, mjukuu wangu kakukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, bibi."

"Mbona humwitikii?"

"Nani?"

"Yeye! Kila Jumamosi anakuamkia. Shikamoo, shikamoo, mpaka kidole chamuuma. Wewe kimya. Ukishachoka kumsikia unamfunga mdomo."

Nilikiweka kijiko mezani.

"Bibi," nikasema, "ile sauti si yako?"

"Yangu. Ulitaka nimwazimie ya nani? Kile kibao kimekuja na Kizungu kitupu. Hakina shikamoo, hakina marahaba, hakina hata nataka uji. Mamake akanambia, mama, kaa hapa useme. Nikasema mpaka koo likakauka. Sauti yangu, maneno yake."

"Mimi nilidhani ni wewe unayeniamkia."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikarudi kuwa kicheko.

"Mie? Nikuamkie wewe? Kwani wewe sharifu?"

Nilicheka naye kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Yeye ndiye aliyeacha kwanza.

"Lakini mwenyewe hacheki," akasema.

Aliniambia kwamba hukaa kando yake kila Jumamosi, kwa sababu mama wa mtoto anafanya kazi mbali na huondoka nyumbani mapema, baada ya kuwatengea kompyuta. Alikuwa akiona yote na akanyamaza. Alikolelewa yeye Unguja, mwalimu wa chuo cha Kurani haingiliwi. Ukimpeleka mtoto umempeleka. Akadhani mimi nina kiburi, au kwamba ndiyo mafunzo ya kisasa. Asingenipigia, ila binti yake ameambiwa watu watakuja kumtazama mtoto kama abaki au aondoke.

"Huyu mtoto kila pahala wanasema si pake. Kuogelea, si pake. Chuo cha Jumapili, walimu wazuri, wamejitahidi, lakini si pake. Hapa kapataka mwenyewe. Siku ya kwanza kaamka kagonga picha ya kompyuta kabla hajataka chai. Usinitolee mtoto, mwanangu."

"Hatatoka, bibi," nikasema.

Sikuwa na mamlaka ya kusema hivyo. Na maneno "si pake" yalikuwa yangu; nilikuwa nimeyasema siku mbili kabla, nikiwa nimesimama jikoni kwangu.

Mtu mwingine, baada ya simu ile, angengoja Jumamosi ifike, mtoto aseme shikamoo, naye aseme marahaba. Mimi nilitengeneza programu.

Nataka nieleze akili yangu ilivyokuwa, kwa sababu wakati ule niliona ni heshima. Niliogopa kwamba nitakuwa nasema na mtoto mwingine nisimsikie. Niliogopa kwamba masikio yangu, yakisikia sauti ya bibi kizee, yatanifunga ulimi tena, kwa kuwa tangu utotoni sijawahi kumwitikia mtu mwenye sauti ile. Kwa hiyo nikachora mkono kwenye kioo. Mtoto akiubonyeza, mkono unapunga, na sauti yangu inasema, "Marahaba, hujambo?" Nilirekodi maneno hayo mawili jioni nzima. Katika moja nilisikia friji. Katika nyingine sauti ilitetemeka. Nilifuta, nikarudia, mpaka nikapata marahaba iliyo laini na imara, marahaba ya mtu asiyeogopa kitu. Nililala nimeridhika.

Jumamosi ikafika. Dada kiongozi aliingia, akawaambia watoto, "Habari za asubuhi, wapendwa wangu," akakaa kutazama kwenye dirisha lake. Safari hii bibi alikuwa ameishusha kamera, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wa kijana wa Germantown. Ana miwani minene iliyofungwa kwa mkanda nyuma ya kichwa. Ana masikio makubwa. Macho yake hufika pole pole pale anapoyapeleka, na yakifika hayaondoki. Yalikuwa yamefika kwangu.

Akagonga tableti. "Shikamoo."

Na mimi, nikiwa mbele yake, mdomo ninao, nikasema, "Nina zawadi kwa ajili yako! Bonyeza mkono, uone."

Bibi akamsogezea kitufe chekundu. Akabonyeza. Mkono ukapunga. "Marahaba, hujambo?" ikasema sauti yangu ya jioni ile. Kijana akautazama mkono, kisha akautazama mdomo wangu, ambao haukuwa umetikisika. Akabonyeza tena. Marahaba, hujambo? Akabonyeza tena. Marahaba, hujambo? Maneno yale yale, laini, imara.

Binti wa pua kwenye kioo akasema, "Mwalimu, that's a recording."

"Ndiyo," nikamjibu.

"But you're right there."

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ananiarifu tu kwamba nipo.

Kijana akageuza kichwa kuelekea ukutani. Kwake yeye kugeuza kichwa ni kazi, si jambo linalotokea tu, na alifanya kazi hiyo yote mpaka nikaona mkanda wa miwani. Nikamsikia bibi pembeni. "Basi, mume wangu, basi," akasema, kwa ule utani wa mabibi wa pwani na wajukuu wao wa kiume, lakini sauti haikuwa ya utani. Hadi mwisho wa somo kijana hakugusa kitufe wala tableti.

Watoto walipotoka, dada kiongozi akabaki.

"Ndugu mwalimu."

"Naam, dada."

"Ule mkono ulikuwa wa nini?"

Nikamweleza. Nilianzia kwenye mkono nikarudi nyuma hadi Jumamosi ya kwanza, nikasema na la kuzima sauti, nikasema nilifanya hivyo kila wiki. Nilipomaliza alikuwa amevua miwani na kujifinya katikati ya macho.

"Mimi nilipoanza Kiswahili," akasema, "somo la kwanza lilikuwa salamu. La pili salamu. La tatu nikauliza, lini tutaanza? Mwalimu wangu akaona nimerukwa na akili. Nimesoma muhula mzima wa habari za asubuhi na habari za mchana. Wewe umezaliwa nazo, ukazitengenezea mashine."

"Ndiyo, dada."

"Nilikuuliza kama anashiriki, ukaniambia hajagusa kitu."

"Ndiyo."

"Alikuwa anagusa tangu dakika ya kwanza."

Nikaufunga ukurasa wa ule mkono.

"Sasa nisikilize. Kuna mama mwingine ananipigia kila wiki, na mtoto wake ana haki kama huyu. Siwezi kushikilia nafasi kwa sababu tumeona haya. Nipe Jumamosi moja. Si lazima amalize kitu. Aanze tu, nione kwamba anataka kuwa nasi."

"Nifanye nini?"

Akavaa miwani. "Usitengeneze kitu," akasema.

Wiki ile sikuwa na maana ghalani. Nilikagua masanduku niliyokwisha kuyakagua, na moja likaniangukia mguuni. Kwenye basi nilijizoeza kusema marahaba kwa sauti ndogo, nikifikiria ile sauti ya bibi mbele yangu, na kila mara ulimi ulitaka kusema shikamoo. Mwanamke aliyekaa kando yangu alihama kiti. Niliona ana haki. Lakini kilichonitisha zaidi hakikuwa ulimi wangu. Nilikuwa nimemfundisha mtoto kwa wiki nyingi kwamba akisema hajibiwi, na akisema tena atajibiwa na picha. Kwa nini aseme tena?

Hakusema.

Jumamosi iliyofuata watoto waliingia wote, dada kiongozi akaingia, na kijana akaingia, uso wake wote kwenye kamera. Meza yangu ilikuwa tupu, bila ratiba. Nilimtazama. Alinitazama. Tableti ilikuwa mapajani mwake.

Ningeweza kumwambia hujambo. Mkubwa akitaka anaweza kuanza, hakuna anayemkataza. Lakini mdogo ndiye huamkia, na hicho ndicho alichokuwa akikitaka tangu siku ya kwanza, afanye kama mtoto mwingine yeyote mwenye adabu zake na apokelewe. Nikianza mimi nitakuwa nimemnyang'anya kwa namna nyingine. Kwa hiyo nikangoja.

Kimya cha mtandaoni si kama kimya cha chumbani. Kila mtu anadhani kimeharibika kitu. Sauti ikatoka chini ya meza: "Are we frozen?" Yule msahaulifu akauliza kama somo limekwisha. Nilikuwa nimekalia viganja vyangu viwili, na jasho lilishuka ndani ya shati nililolipiga pasi. Kwenye dirisha lake dada kiongozi alikuwa akitazama, na nilijua anachongoja kukiona.

Nyuma ya binti wa pua akapita baba yake, mtu wa Bukavu, na kikombe mkononi. Akainama kwenye kamera.

"Mwalimu, iko problème ya connexion?"

"Hapana, papa. Tunangoja."

"Munangoja nini?"

"Tunangoja mtu."

"Ah," akasema. "Bien." Akavuta kiti, akakaa na kikombe chake, akangoja pamoja nasi.

Mkono wa kijana ukaanza kuinuka. Ulikwenda upande, ukarudi, ukasimama hewani. Nilimwona bibi akiinua mkono wake kumsaidia, kisha akaurudisha. Kifundo cha kidole kikatua.

"Uji," ikasema tableti.

Chini ya meza mtu akaangua kicheko. Kijana hakujali. Aliinua mkono upya, safari nzima kutoka mwanzo, na macho hayakuniacha.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema.

Ilitoka imepasuka katikati, nusu yake hewa. Ile marahaba ningeifuta bila kufikiri kama ningekuwa ninarekodi. Na masikio yangu ya Tanga yalishtuka kweli, kama vile nimeketi na bibi kizee amesimama. "Marahaba," nikairudia. "Hujambo, bwana mdogo?"

"Sijambo." Halafu mkono ukainuka tena, maana hakuwa amemaliza. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Habari za kazi?"

"Kazi mbaya," nikamwambia. "Sanduku limeniangukia mguuni. Kidole gumba kimevimba kama kiazi."

Alicheka. Anapocheka kichwa hurudi nyuma na mwili wote hufuata, na goti lake lilipiga meza, kamera ikaruka juu, nikaliona tena lile pangaboi. Bibi akaishusha huku naye anacheka. "Pole na kidole," akasema, "lakini usikivunjie heshima kiazi."

Binti wa pua akadai na yeye aniamkie, kisha baba yake akamwambia amwamkie na bibi, kisha bibi akataka kujua Bukavu hawajambo. Yule wa chini ya meza hakutaka kuamkia mtu, tukamwacha. Muda wa somo ukaliwa karibu wote. Nilikuwa nikiuona ukienda, nikauacha uende.

Nilipofungua ukurasa wa vipande, mwanga ukaanza kupita. Kijana alikuwa amekwisha kuweka mkono kwenye kitufe chekundu. Mwanga ukafika kwenye kipande cha kumfanya mbuzi atembee, naye akabonyeza. Akangoja uzunguke, akabonyeza kile kile. Na tena. Mbuzi akatembea hadi ukingoni mwa kioo na hakusimama. Kikaingia kichwa, likaingia tumbo, ukabaki mkia.

Kuna kipande cha kumgeuza mbuzi akifika ukingoni. Ni kimoja tu, na ningeweza kukiweka mimi bila mtoto kujua. Kidole changu kilikwisha kufika kwenye kipanya. Nikakirudisha chini ya paja.

Kijana akabonyeza mara ya mwisho, mkia ukaingia. Kioo kikabaki kitupu. Akageukia tableti, akachukua muda wake.

"Kwaheri," akamwambia mbuzi.

"Aende wapi huyo," bibi akasema pembeni, "na mie sijamkama?"

Watoto walipotoka, dada kiongozi alibaki kidogo. "Ameanza," akasema. "Nitampigia mama yake sasa hivi, kabla hujatengeneza kitu." Akazima kamera. Nilikaa mbele ya dirisha lake jeusi, kidole gumba kikinigonga ndani ya soksi.

Mtoto wa yule mama mwingine bado anangoja nafasi, na ninapomfikiria sipati raha. Usiku wa Ijumaa bado silali vizuri, na shati bado nalipiga pasi hadi mgongoni. Kilichobadilika ni hiki: darasa letu sasa linaanza kwa salamu, mtoto mmoja mmoja, na sifungui somo mpaka ya mwisho imekwisha. Kitufe cha kuwazima watoto sauti sikigusi. Ile programu ya mkono nimeifuta. Kijana wa Germantown yumo darasani, na kila Jumamosi huwa wa kwanza kuniamkia.